Tom Mboya: nani alimuweka mutu ku kiti?

Leo, mu ukurasa wetu wa maisha ya watu waliotutangulia, tunatoka Katanga kidogo. Tunavuka ziwa Tanganyika, tunapita Tanzania, tunafika Nairobi, muji mukubwa wa Kenya. Mutu wa leo hakuchimbaka shaba hata siku moja. Alikuwa mufanyakazi wa muji, inspekta wa usafi. Kisha akakuwa mutu wa sendika, kisha depite, kisha minisitiri. Jina lake ni Thomas Joseph Odhiambo Mboya, lakini Afrika yote ilimuita Tom Mboya. Aliuawa tarehe 5 Julai 1969, na miaka yake ilikuwa 38 tu.

Kwa nini yeye, na watu wakubwa wa kwetu wako wengi? Juu ya swali moja. Kila kampuni, kila muji, kila leta iko na komite ao komisyo inayoamua mambo ya wafanyakazi: nani anaingia kazini, nani anapanda cheo, nani anafukuzwa, mushahara unaongezwa ngapi. Watu wanafurahi wakisikia kama mwenzao naye amepewa kiti mu ile komisyo. Lakini wachache wanauliza: nani alimuweka pale? Aliyekuweka njo anaweza kukutoa, na anayeweza kukutoa njo utamusikiliza. Mboya alianza maisha yake ya kazi na hili swali. Akapanda nalo mpaka juu, na kule juu likamurudilia yeye mwenyewe.

Mutoto wa kapita

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 ku Kilima Mbogo, karibu na Thika, mu shamba kubwa la muzungu ambamo walilima katani, ule mumea wa kutengenezea kamba na magunia. Baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa kapita wa wafanyakazi mu lile shamba. Wazee wetu waliokomaa mu kambi za Union Minière wanajua vizuri maisha ya mutoto wa kapita. Nyumba inapita za wengine kidogo, lakini ni nyumba ya kazi: siku baba anaachishwa, jamaa yote inafunga vyombo. Baba yuko mukubwa mbele ya wafanyakazi, lakini mbele ya muzungu yuko mutu wa kuagizwa. Cheo alipewa na bwana shamba, na bwana shamba njo angeweza kukitwaa.

Lakini kwao hasa haikuwa Thika. Jamaa ilitoka kisiwa cha Rusinga, mu ziwa Victoria. Wasomaji wetu wa Pweto, wanaoamka kila siku na kuona maji ya Mweru, hawana lazima ya kuelezwa: ni inchi ya mitumbwi, nyavu na samaki wa kukausha, na vijana wanaondoka kwenda kutafuta mushahara mbali. Mutoto alizaliwa mbali na ziwa, kati ya watu wa makabila mengine, na hii ilimusaidia sana kisha. Alikomaa akisema Kikamba, Kikikuyu, Kiswahili na Kijaluo cha nyumbani. Mutu wa sendika anayesema lugha za wafanyakazi hana lazima ya kutafuta mutu wa kumutafsiria.

Alisomea ku ma-misioni ya Katoliki: Kabaa, kisha Yala, kisha Mang'u, masomo makubwa ya sekondere. Alikuwa na akili, lakini falanga zilikosekana. Alikuwa mutoto wa kwanza, na nyuma yake wadogo walikuwa wanangoja zamu yao. Akaacha masomo ya juu, na mwaka 1948 akaingia masomo ya kazi, kujifunza kuwa inspekta wa usafi. Wanafunzi wenzake wakamuchagua kuwa mukubwa wao mu baraza la wanafunzi. Mwaka 1950 akamaliza, akapata diploma.

Inspekta mweusi, inspekta mweupe

Nairobi ilikuwa imetoka kupewa jina la muji mukubwa, na barua ya mufalme wa Uingereza, mwaka 1950. Mboya akaingia kazi ya baraza la muji mwaka 1951. Kazi yake ilikuwa kupita mu maduka, mu majiko, mu masoko na fasi za kuuzia maziwa, kuangalia kama chakula ni safi, kama maji ni mazuri, kama vyoo viko sawa. Ni kazi ya maana: inspekta akilala, watu wanaharisha na watoto wanakufa.

Lakini mu ile kazi moja, mushahara ulikuwa wa rangi. Inspekta mweusi, na diploma yake, alipata kama sehemu moja ya tano ya mushahara wa inspekta muzungu. Kazi ilikuwa ile ile, jua lile lile, uchafu ule ule. Siku moja Mboya alikuwa peke yake mu laboratware, akaingia mama mumoja muzungu na chupa ya maziwa ya kupimisha. Yule mama akaangalia kila upande, halafu akauliza kama hakukuwa mutu. Mboya alisimama mbele yake. Hii habari aliielezaka mwenyewe mara mingi, juu ilimufundisha kitu: kwa wakubwa wa ile muji, mufanyakazi mweusi alikuwa mukono wa kazi, hakuwa mutu wa kuhesabia.

Wafanyakazi weusi wa muji walikuwa na chama chao, wafagiaji, madereva, makarani, watu wa maji na watu wa usafi. Lakini chama cha namna gani? Hapa wasomaji wa migodi wasikilize vizuri, juu hii njo mizizi ya habari yote. Kilikuwa chama cha watumishi, si sendika. Chama cha namna ile, mu makoloni yote, kilikuwa na ruhusa ya kuleta mawazo. Patro alikuwa anaita watu wachache ku meza, wanakunywa chai, wanaeleza taabu yao, yeye anaandika ao haandiki, kisha anaamua vile anapenda. Hana lazima ya kusaini kitu. Wanaokaa ku meza wanajua: wakisema sana, mara ingine hawataitwa. Sendika ni kitu kingine. Sendika imeandikishwa kwa sheria, wanamemba wake wanalipa mchango, wanachagua wasemaji wao kwa kura, na inaweza kufanya mapatano yanayofunga patro. Mapatano yakikosekana, inaweza kusimamisha kazi.

Wafanyakazi wakamuchagua Mboya kuwa mukubwa wa kile chama. Hakukaa nacho vile kilivyo. Kati ya 1952 na 1953 alikigeuza kuwa sendika ya kweli ya wafanyakazi wa miji, na yeye akakuwa sekretere wake. Baraza la muji halikufurahi. Mwaka 1953 kazi yake ya inspekta ikakwisha juu ya ile kazi ya sendika. Alikuwa na miaka 23, bila mushahara wa muji, lakini na watu nyuma yake.

Sisi wa Kongo tunaielewa hii habari kwa damu yetu. Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliomba mushahara uongezwe, na hawakuwa na sendika, hawakuwa na msemaji aliyetambuliwa na sheria. Wakakusanyika mu uwanja wa mupira ku Elisabethville, na asikari wakapiga bunduki. Léonard Mpoyi, aliyesimama kuwasemea wenzake, akauawa pale pamoja na watu wengi. Ni ku mwaka 1946 tu njo Wabeleji waliruhusu sendika za weusi, na kamba fupi sana. Ku Stanleyville, ku miaka ile ile ya Mboya, karani mumoja wa posta aliongoza tawi la chama cha watumishi weusi wa koloni, APIC, akidai kazi moja mushahara moja. Jina lake Patrice Lumumba. Hawakujuana bado, lakini walikuwa wanasukuma mulango mumoja.

Wakati wa hatari

Oktoba 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari mu Kenya juu ya vita ya Mau Mau. Jomo Kenyatta na wengine wakafungwa. Vyama vya siasa vya weusi vikakatazwa. Sendika peke yake njo zilibakia na mulango wazi kidogo. Mboya akachaguliwa sekretere mukuu wa muungano wa sendika za Kenya mwaka 1953, na muungano ule ukakuwa kinywa cha watu waliokosa kinywa. Aprili 1954 asikari walizunguka Nairobi yote, wakakamata watu kwa maelfu na kuwapeleka mu kambi za kifungo. Muungano wa sendika ulipiga makelele juu ya wafanyakazi waliochukuliwa bila kosa na juu ya jamaa zao waliofukuzwa mu nyumba.

Machi 1955 wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma. Bandari ile ni koo ya Kenya na Uganda: ikifungwa, hakuna kinachoingia wala kutoka. Mboya akashuka Mombasa. Hakwenda kuwasha moto, hakwenda kuuzima kwa faida ya ma-patro. Aliomba watu warudi ku kazi kwa sharti kwamba mambo yao yatapelekwa mbele ya waamuzi, na maneno ya wafanyakazi yasikilizwe sawa na ya kampuni. Watu walimusikia, juu walijua nani alimutuma: wao wenyewe. Waamuzi wakaongeza mushahara kwa asilimia 33. Hapo njo Kenya yote ilijua jina lake.

Mwisho wa ule mwaka alipata burse, akaenda kusoma ku Ruskin College, mu Oxford, chuo kinachopokea watu wa sendika. Akarudi mwaka 1956, akipita Marekani, ambako sendika za kule zilimusaidia kupata falanga za kujenga nyumba ya muungano ku Nairobi.

Waliochaguliwa na waliowekwa

Toka 1944, Waafrika waliokuwa mu baraza la sheria la Kenya walikuwa wanawekwa na gavana. Wengine walikuwa watu wazuri, wenye masomo. Lakini kila mumoja alijua kama kiti chake kinatoka ku mukono wa gavana. Machi 1957, kwa mara ya kwanza, Waafrika wakapiga kura kuchagua watu 8. Si wote walipiga kura, juu sheria ilidai masomo, ao mali, ao miaka ya kazi. Mboya akasimama Nairobi, akashinda. Alikuwa na miaka 26.

Wale 8 wakafanya kitu ambacho watu wengi hawakutazamia. Serikali iliwapa nafasi ya uminisitiri, wakakataa. Walidai kwanza viti vya kuchaguliwa viongezwe. Serikali ikaongeza viti 6, lakini ikatengeneza pia viti vingine 12 vya namna ya pekee, 4 kwa Waafrika, 4 kwa Wazungu, 4 kwa Waasia na Waarabu, na watu wa vile viti wangechaguliwa na baraza lenyewe, si na raia. Baraza lile lilijaa wazungu na watu wa serikali. Kwa hiyo Mwafrika wa kile kiti angekaa pale kama msemaji wa Waafrika, lakini waliomuchagua si Waafrika.

Mboya na wenzake walisema wazi kama Mwafrika anayekubali kile kiti amesaliti watu wake. Walitumia maneno makali, na serikali ikawapeleka mbele ya tribinali mwaka 1958. Wakahukumiwa kulipa faini ya pauni 75 kila mumoja. Walilipa. Lakini kila muchuuzi wa soko ya Nairobi alikuwa amekwisha kuelewa tofauti: kuna mutu mweusi aliyechaguliwa, na kuna mutu mweusi aliyewekwa, na rangi ya ngozi haitoshi kuonyesha ni yupi.

Ku Accra, na ndeke za wanafunzi

Desemba 1958 Kwame Nkrumah aliita mukutano mukubwa wa watu wa Afrika yote ku Accra. Walimuchagua Mboya, kijana wa miaka 28, kuongoza mukutano. Pale njo Lumumba alifika, pamoja na Gaston Diomi na Joseph Ngalula, kwa jina la MNC iliyozaliwa miezi miwili tu mbele. Lumumba aliporudi Léopoldville alikusanya watu, akaeleza yale aliyosikia. Mambo ya uhuru wa Kongo yalipata upepo mu ule mukutano ulioongozwa na inspekta wa usafi wa Nairobi.

Mboya aliona tena kitu kingine. Uhuru utakuja, wazungu wataondoka ku ma-biro, lakini nani atakaa pale? Mwanafunzi mweusi wa Kenya aliyemaliza chuo kikubwa alikuwa wa kuhesabia. Akazunguka Marekani akiomba burse na falanga za safari. Septemba 1959 ndeke ya kwanza ilifika New York na vijana 81. Mwaka uliofuata alikwenda kuonana na John Kennedy, aliyekuwa anatafuta uraisi wa Marekani, na jamaa ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kwa safari zingine. Mumoja wa waliopanda zile ndeke za 1960 ni Wangari Maathai, aliyepewa kisha zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2004.

Tulinganishe na kwetu, hata kama inaumiza. Kongo ilifika ku tarehe 30 Juni 1960 na makarani wengi wenye akili, lakini mu vyeo vya juu vya kazi ya leta, vilivyohesabiwa kwa maelfu, weusi walikuwa wa kuhesabia ku vidole vya mukono moja. Wabeleji walipoondoka mu Julai, watu walipanda vyeo kwa siku moja. Victor Lundula, aliyekuwa burgomestre ku Jadotville, Likasi ya leo, aliwekwa kuwa jenerali wa jeshi. Haikuwa kosa la Lundula. Ilikuwa kosa la wale waliokataa kwa miaka 50 kumupandisha mutu mweusi.

Minisitiri wa kazi

Mwaka 1962 Mboya akawekwa minisitiri wa kazi mu serikali ya kuelekea uhuru. Sasa angalia: alikuwa amevuka ku upande mwingine wa meza. Jambo lake kubwa pale ni mapatano ya Oktoba 1962 kati ya serikali, chama cha ma-patro na muungano wa sendika. Ma-patro walikubali kutambua sendika na kutofukuza mutu juu ya kuwa memba. Sendika zilikubali kupita njia za mazungumzo mbele ya kugoma. Na mambo yanayokosa njia yangeamuliwa mbele ya watu wa pande zote. Lile neno la pande zote ni la maana. Kila upande unaleta watu wake, patro hachagulii wafanyakazi msemaji wao, na wafanyakazi hawachagulii patro wake.

Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru, na Mboya akakuwa minisitiri wa sheria na mambo ya katiba. Kila kiti cha muzungu kilichobakia wazi kilikuwa na watu kumi waliokitaka. Kwa hiyo komisyo ya kuchagua watumishi wa leta ilikuwa kitu kikubwa kupita bunge. Anayeshika ile komisyo anashika mikate ya jamaa maelfu. Watu wakaanza kuhesabu: kabila hili limepata viti ngapi, kabila lile ngapi.

Sisi wa Katanga tusicheke. Desemba 1957 watu wa Elisabethville na Jadotville walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wakubwa wa ma-komini, na wengi walioshinda ku Elisabethville walikuwa watu waliotoka ku majimbo mengine, juu migodi ilikuwa imeleta watu wa kila fasi. Makelele yaliyofuata yalizaa Conakat mwaka 1958, na tunajua yaliyokuja nyuma. Kwa hiyo kura peke yake si dawa ya kila ugonjwa. Lakini aliyeshindwa ku kura anaweza kungoja kura ingine. Aliyefungiwa mulango na mutu aliyewekwa kwa siri, atangoja nini?

Swali linamurudilia

Mwaka 1964 Kenya iligeuka jamhuri. Mboya njo alisimama bungeni kutetea katiba mupya, na alikuwa na kinywa cha kushindana naye kulikuwa kugumu. Katiba ile iliweka nguvu mingi mu mukono wa raisi, na ku miaka iliyofuata ni raisi njo alikuwa anaweka mukubwa na memba wa komisyo ya kazi za leta. Nguvu ya gavana, iliyopigwa vita mwaka 1957, ilikuwa imebadilisha nyumba tu.

Kisha ikafika zamu ya sendika zenyewe. Muungano wa Mboya wa zamani ulikuwa umegawanyika, na mwaka 1965 wafanyakazi walipigana wao kwa wao ku Mombasa, watu wakafa. Serikali ikavunja miungano yote na kuunda mumoja, COTU. Mu COTU wafanyakazi wangeleta majina matatu, na raisi angechagua mumoja kuwa sekretere mukuu. Mboya alikuwa minisitiri mu serikali ile. Wanaomutetea wanasema inchi mupya haikuweza kuvumilia sendika zinazouana na zinazokula falanga za inchi za kigeni. Hiyo si neno la bure, watu walikufa kweli. Lakini mutu wa sendika akisoma ile sheria, anaona kile kiti cha 1958 kimerudi, na rangi ingine.

Na kwetu? Mwaka 1967 Mobutu aliunganisha sendika zote kuwa moja, UNTC, ile tuliyojua kisha kama UNTZA. Wazee wa Gécamines wanakumbuka: ukiwa na taabu na patro, unaenda kwa delege, na delege ni mutu wa chama kimoja na patro wako. Ilichukua mpaka Aprili 1990 kusudi mulango ufunguliwe, na leo Kodi ya kazi ya 2002 inasema wazi kama ma-delege wanachaguliwa na wafanyakazi. Hakuna aliyetupa hii bure.

Siku ya mwisho

Mboya aliendelea kupanda. Alikuwa minisitiri wa mipango ya uchumi, sekretere mukuu wa chama cha KANU, na watu wengi waliona kama yeye njo atafuata nyuma ya Kenyatta. Wengine hawakupenda kuona hivyo. Siku ya posho, tarehe 5 Julai 1969, musana, aliingia mu farmasi ya Chhani, mu barabara iliyoitwa Government Road, karibu kabisa na katikati ya muji. Alipotoka, mutu alimupiga risasi. Akafa siku ile ile. Njenga Njoroge alihukumiwa juu ya mauaji yale na akanyongwa kabla mwaka haujaisha. Lakini watu wengi wa Kenya hawakukubali kamwe kama alifanya kwa akili yake peke yake, na ule mulango haujafunguliwa mpaka leo.

Nairobi ilijaa machozi na moshi wa polisi. Walimurudisha Rusinga, kisiwa cha wababu wake, akazikwa pale karibu na maji. Aliacha mujane, Pamela, na watoto wadogo. Mwaka 2011 walimusimamishia sanamu mu barabara ile ile alipouawa, ile inayoitwa leo Moi Avenue.

Baraza la muji lililomutoa kazini nalo halipo tena. Toka 2013 Nairobi ni kaunti, na kazi ya kuajiri na kupandisha watumishi wa muji iko mu mikono ya bodi ya watumishi wa kaunti. Sheria inasema gavana anataja majina ya mukubwa na memba, lakini hawakai mbele ya baraza la waliochaguliwa na raia kukubali. Wanakaa miaka 6, na hawarudi mara ya pili. Ile ya miaka 6 bila kurudi iko na sababu yake: mutu asiyengoja kurudishwa hana lazima ya kumufurahisha aliyemuweka. Haina maana kama kila kitu kinakwenda sawa. Lakini ni kitu ambacho inspekta mweusi wa 1951 hakuwa nacho.

Turudi ku migodi. Mu kampuni moja, sitaitaja, nilimuonaka mufanyakazi mwenzetu ameketi mu komite ya usalama wa kazi. Alikuwa mutu mwema. Jiwe lilipoanguka na watu wakaumia, alisaini karatasi iliyosema kila kitu kilikuwa sawa. Hakuwa amechaguliwa na mutu, aliitwa tu na biro ya wafanyakazi. Hakuwa mubaya kuliko wengine. Alikuwa na watoto 5, na alijua kiti chake kinatoka wapi.

Kwa hiyo, ndugu, kila mara wanapotutangazia komite ao komisyo mupya, ya kampuni, ya komini ao ya muji, tuulize mambo matatu, bila matusi na bila woga. Nani alileta jina lake? Nani anaweza kumutoa, na kwa njia gani? Akimaliza mukutano, anakuja kutoa habari kwa nani? Majibu ya haya matatu yakiwa ni mutu mumoja, ile komisyo ni ya ule mutu. Na siku ya uchaguzi wa ma-delege, mutu asibakie nyumbani akisema hata hivyo hakuna kitakachobadilika. Nafasi tunayoacha wazi, kuna mutu atakayeijaza, na hatatuuliza.